Somo: Tela Liyumbalo na Uchaguzi wa Kiungo Chake



Katibu wa chama kimoja cha msingi ametuletea barua yenye swali ambalo, kwa maoni yetu, linavihusu vyama vyote vyenye pikapu na tela. Tunaifupisha hapa bila kutaja jina la chama wala la mtu yeyote.

Chama hicho kina tela dogo la ekseli moja, lisilo na breki zake lenyewe, ambalo hukokotwa na pikapu kupeleka mbolea kwenye vituo vya wanachama. Siku ya tukio tela lilipakiwa mifuko 12 ya mbolea, kila mmoja kilo 50. Kutoka ghalani hadi kituo cha kwanza lilikwenda kwa utulivu. Hapo ikashushwa mifuko 6, na safari ikaendelea. Kilomita chache mbele, katika mteremko, basi liliipita pikapu kwa kasi. Tela likaanza kwenda kushoto na kulia, dereva akakanyaga breki kwa nguvu, na tela likapinduka mtaroni. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hakuna aliyeumia, lakini mifuko ilipasuka, mbolea ikamwagika, na mkono wa tela ukapinda.

Kamati ya chama imemsimamisha kazi dereva, ikiamini kwamba alikwenda mbio. Aidha, mjumbe mmoja amependekeza kinunuliwe kiungo cha kisasa kutoka ng'ambo, ambacho inasemekana huzuia tela lisiyumbe. Dereva naye anajitetea kwa swali moja tu: "Ikiwa kosa ni la mwendo, mbona tela lilitulia likiwa na mzigo wote, likayumba lilipopunguziwa mzigo?" Katibu anatuuliza: ni kiungo gani kifaacho, na dereva ajibiwe nini?

Swali la dereva ndilo mlango wa somo letu. Atakayeweza kulijibu atakuwa ameelewa sababu ya tela kuyumba, na ataweza kuchagua kiungo bila kupoteza fedha za wanachama.

1. Kwa nini tela huyumba

Kiungo tunachokusudia katika somo hili ni kifaa kinachoshikanisha tela na gari linalolikokota. Kifaa hicho hakina budi kuliachia tela nafasi ya kugeuka, la sivyo gari lisingeweza kukata kona. Lakini nafasi hiyo hiyo ya kugeuka ndiyo inayoliwezesha tela kuyumba.

Upepo wa ubavuni, shimo la barabarani, au msukumo wa hewa wa basi linalopita hulisukuma tela kando kidogo. Matairi yake hujaribu kulirudisha katika mstari. Likirudi, huupita mstari na kwenda upande wa pili, kisha hurudi tena. Katika mwendo wa polepole kila mzunguko huwa mdogo kuliko ule uliotangulia, na baada ya mara mbili tatu tela hutulia. Kadiri mwendo unavyoongezeka, utulivu huchelewa. Hatimaye hufika mwendo ambao mzunguko haupungui tena, bali hukua. Huo tuuite mwendo wa hatari.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mwendo wa hatari si mmoja kwa matela yote, wala si mmoja kwa tela lile lile kila siku. Hupanda na kushuka kwa kufuata jinsi mzigo ulivyopangwa, hali ya matairi, urefu wa mkono wa tela, na aina ya kiungo. Tela linaloweza kwenda kwa usalama asubuhi laweza kuwa la hatari mchana kwa mwendo ule ule, ikiwa mpango wa mzigo umebadilika njiani.

2. Funzo la mkokoteni

Kila mtu aliyewahi kusukuma au kuvuta mkokoteni wa magurudumu mawili analijua jambo hili, ingawa hakulisoma shuleni. Mzigo ukirundikwa nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni huinuka, na mvutaji huning'inia asiweze kuuongoza. Ukirundikwa mbele mno, mikono humlemea hata akashindwa kwenda. Mvutaji hodari hupanga mzigo ili mikono iwe na uzito kiasi mikononi mwake: si mwepesi wa kumwinua, si mzito wa kumchosha.

Tela la ekseli moja ni mkokoteni, na pikapu ndiyo mvutaji. Uzito ule unaokaa mikononi mwa mvutaji ndio tunaouita uzito juu ya kiungo. Ukiwa mdogo mno, tela hupiga mkia. Ukizidi mno, nyuma ya pikapu hulala na magurudumu yake ya mbele hupungukiwa uzito, usukani ukawa mwepesi na breki za mbele zikakosa nguvu.

Huko Marekani, ambako familia nyingi husafiri zikikokota nyumba ndogo za magurudumu, kanuni inayofuatwa kwa matela ya kawaida ni kwamba uzito juu ya kiungo uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo. Uingereza, ambako nyumba hizo hukokotwa zaidi na magari madogo, ushauri uliozoeleka ni asilimia 5 hadi 7. Kwa pikapu inayokokota tela la mizigo, lengo la asilimia 10 ni zuri, mradi lisivuke kikomo kilichoandikwa kwenye kibao cha kiungo au katika kitabu cha gari. Kikomo hicho kiko juu ya kanuni nyingine zote. Kibao kikisema kilo 75, basi ni kilo 75, na mzigo wa tela upunguzwe ili ulingane nacho.

3. Hesabu ya mifuko 12

Sasa tulirudie tela la barua. Katibu ametuletea vipimo vyake, nasi tunavitumia hapa ili kila msomaji aweze kuifuata hesabu.

Tela tupu lina kilo 400, na likiwa tupu huweka kilo 40 juu ya kiungo. Kutoka kiungo hadi ekseli ni meta 3. Sanduku lake lina urefu wa meta 2.7, na ekseli iko katikati yake. Tuligawe sanduku hilo katika mafungu matatu yaliyo sawa: la mbele, la kati na la nyuma. Kitovu cha fungu la mbele kiko sentimeta 90 mbele ya ekseli. Cha kati kiko juu ya ekseli. Cha nyuma kiko sentimeta 90 nyuma yake.

Mfuko wa kilo 50 ukiwekwa katika fungu la mbele huongeza juu ya kiungo kilo 50 mara 0.9, gawanya kwa 3, yaani kilo 15. Mfuko huo huo ukiwekwa katika fungu la kati hauongezi wala haupunguzi. Ukiwekwa katika fungu la nyuma hupunguza kilo 15.

Siku ya tukio mifuko 6 iliwekwa mbele, 4 kati na 2 nyuma. Mifuko ya mbele iliongeza kilo 90, ya nyuma ikapunguza kilo 30. Ukijumlisha kilo 40 za tela tupu, uzito juu ya kiungo ulikuwa kilo 100. Tela lote na mzigo wake lilikuwa kilo 1,000. Hiyo ni asilimia 10 barabara. Ndiyo sababu lilitulia.

Kwenye kituo cha kwanza, mlango wa ubavuni wa tela ulielekea ghala, na mlango huo uko mbele. Wapagazi wakashusha mifuko iliyokuwa karibu, yaani ile 6 ya mbele. Hakuna aliyewaambia vinginevyo. Tela likabaki na mifuko 4 kati na 2 nyuma. Uzito juu ya kiungo ukawa kilo 40 kutoa kilo 30, yaani kilo 10 tu, wakati tela zima lilikuwa na kilo 700. Hiyo haifiki hata asilimia moja na nusu.

Ndugu msomaji, hapo ndipo lilipo jibu la swali la dereva. Mzigo ulipungua, lakini mikono ya mkokoteni ilikuwa karibu kuinuka. Mwendo uliokuwa salama kabla ya kituo cha kwanza haukuwa salama tena baada yake.

4. Mpango ulio bora

Je, mifuko ile ingepangwaje? Tazama mpango huu: mifuko 4 mbele, 8 kati, na nyuma usiwekwe hata mmoja. Uzito juu ya kiungo ni kilo 40 jumlisha kilo 60, yaani kilo 100, sawa na ule wa siku ya tukio. Lakini mpango huu unaushinda ule wa kwanza kwa mambo mawili.

Kwanza, mzigo umekusanyika karibu na ekseli. Mtu abebaye mzega, ndoo moja mbele na moja nyuma, anajua kwamba mzega ukianza kuzunguka ni taabu kuusimamisha, kwa kuwa uzito uko kwenye ncha. Angezishika ndoo zote mbili karibu na mwili wake angezituliza mara moja. Tela nalo ni hivyo hivyo. Mifuko iliyo kwenye ncha mbili yaweza kutoa hesabu nzuri juu ya kiungo, lakini tela likianza kuyumba litakuwa gumu kutulia. Vitu vizito viwe karibu na ekseli, mbele yake kidogo, navyo vilale chini na kufungwa kamba visihame.

Pili, mpango huu ni mwepesi kuulinda njiani. Kwenye kituo cha kwanza ishushwe mifuko 2 ya mbele na 4 ya kati. Itabaki 2 mbele na 4 kati. Uzito juu ya kiungo utakuwa kilo 70 kati ya kilo 700, asilimia 10 tena. Hata tela likiisha mzigo wote litabaki na kilo 40 kati ya 400, asilimia 10 vile vile.

Kwa hiyo orodha ya safari isiandike idadi ya mifuko peke yake. Iandike pia mifuko ya kila kituo itolewe katika fungu lipi. Hiyo ni kazi ya mtunza ghala na katibu kabla gari halijaondoka, wala si kazi ya kumwachia utingo.

5. Namna ya kupima kwa mizani ya ghala

Chama hakihitaji chombo kipya ili kujua uzito juu ya kiungo. Mizani ya jukwaa inayopimia mazao inatosha. Fanyeni hivi:

(a) Liegesheni tela lililopakiwa mahali tambarare na kuweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yake.

(b) Chukueni kipande cha gogo imara ambacho, kikisimamishwa juu ya mizani, kitafikia kimo kile kile cha kiungo cha pikapu. Kipimeni gogo hicho peke yake na kuandika uzito wake.

(c) Teremsheni mkono wa tela polepole mpaka ukae juu ya gogo. Mtu yeyote asiweke mguu wala mkono chini yake.

(d) Someni mizani, mtoe uzito wa gogo. Kilichobaki ndicho uzito juu ya kiungo.

Ikiwa mizani iliyopo ni ndogo, tumieni ubao mnene. Ncha moja ya ubao ikae juu ya mizani na ya pili juu ya tofali, umbali wa meta 1.2 kati yake. Mkono wa tela ukae juu ya ubao, sentimeta 40 kutoka tofali. Mizani itabeba theluthi moja tu ya uzito. Someni kwanza uzito wa ubao mtupu, mtoe, kisha kinachobaki kizidisheni kwa 3.

6. Aina za viungo

Baada ya kuujua uzito, sasa twaweza kuvitazama viungo vyenyewe.

Pini na kitanzi. Hiki ndicho kiungo cha trekta. Ni imara na huvumilia mashimo ya shambani, lakini pini hucheza ndani ya kitanzi. Katika mwendo mdogo wa trekta mchezo huo hauna madhara makubwa. Katika mwendo wa barabara kuu kila mchezo ni mwanzo wa kuyumba. Tela la trekta lisifungwe nyuma ya pikapu na kupelekwa barabarani kwa mwendo wa pikapu.

Tufe na kikombe. Tufe la chuma hukaa kwenye gari, na kikombe cha tela hulifunika na kujifunga. Hiki ndicho kiungo cha kawaida cha pikapu. Uangalifu mkubwa uwe katika kipimo. Tufe la Ulaya lina kipenyo cha milimita 50. La Marekani huwa na inchi 1 na 7/8, inchi 2, au inchi 2 na 5/16. Inchi 2 ni milimita 50.8, na kwa macho haiwezi kutofautishwa na milimita 50, lakini kikombe cha moja si cha nyingine. Soma alama iliyopigwa kwenye chuma. Tufe la milimita 50 lililolika hadi milimita 49 libadilishwe. Kimo nacho kina maana: mkono wa tela uwe sawa na ardhi au uiname kidogo mbele. Pikapu zetu zina kimo kirefu, na mara nyingi huuinua mkono huo; dawa yake ni kishikio kinachoshusha tufe chini.

Kiungo chenye msuguano. Hiki ni tufe lile lile, lakini kikombe chake kina vipande vinavyolibana tufe, au kuna chuma cha pembeni kinachosuguana tela linapotaka kugeuka. Msuguano huo hula nguvu ya kuyumba, kama mkono unaoshika mlango usipepesuke. Ni msaada wa kweli na bei yake ni ya wastani. Lakini kuna sharti: tufe la aina ya vipande vya kubana lazima liwe kavu, lisipakwe grisi hata chembe. Dereva aliyezoea kupaka grisi tufe la kawaida ataua kazi ya kiungo hiki kwa siku moja. Na ile aina ya chuma cha pembeni hulegezwa au kuondolewa kabla ya kurudi nyuma.

Kiungo cha kugawa uzito. Hiki kina vyuma viwili vya springi vinavyotoka kwenye gari na kufungwa kwenye mkono wa tela. Faida yake yaonekana kwa hesabu. Kilo 100 juu ya tufe lililo meta 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika pikapu yenye meta 3 kati ya ekseli zake, huondoa kilo 40 katika magurudumu ya mbele. Vyuma vile hurudisha sehemu ya uzito huo mbele. Kinatumika sana Marekani kwa matela mazito. Lakini kazi yake ya kwanza ni kusawazisha gari, si kuzuia tela lisiyumbe. Kwa kazi hiyo ya pili huongezewa msuguano. Tena si kila gari limeruhusiwa na mtengenezaji wake kukitumia. Kitabu cha gari kisomwe kwanza.

Kiungo cha mikono minne. Hiki ndicho alichokisikia yule mjumbe wa kamati. Tufe linapokuwa mbali nyuma ya ekseli ya gari, tela likisukuma kando hulizungusha gari lenyewe, kama mtu asukumaye mlango kwenye ncha yake na si kwenye bawaba. Jim Hensley wa Marekani alibuni kiungo chenye vyuma vilivyopangwa hivi kwamba tela, likisukumwa kando, hutenda kana kwamba limefungwa karibu na ekseli ya gari. Ubunifu huo ulianza kujulikana katika miaka ya 1990, na sifa zake ni za kweli. Lakini ni kizito, bei yake hufika maelfu ya dola, na kimekusudiwa nyumba kubwa za safari. Kwa tela la mifuko 12 ni kumnunulia kuku tandiko la farasi.

Kiungo cha kitandani. Hapa mkono wa tela hupinda kama shingo ya bata na kukaa ndani ya kitanda cha pikapu, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ndiyo kanuni ile ile ya malori makubwa yenye tela la kubebwa. Kwa utulivu ni bora sana, kwa kuwa chanzo cha gari kuzungushwa kimeondolewa. Lakini chahitaji tela lililojengwa kwa namna hiyo, na chama kitapoteza nafasi ya kitanda cha pikapu.

7. Mfuatano wa kuchagua

Tunaishauri kamati ifuate mfuatano huu, wala isiruke hatua.

Hatua ya kwanza ni kupima uzito wa tela na uzito juu ya kiungo, likiwa limejaa na baada ya kila kituo. Ya pili ni kuvilinganisha vipimo hivyo na vikomo vya gari, vya kiungo na vya tela. Ya tatu ni kukagua tufe, kikombe, kimo cha mkono, matairi na upepo wake, kwa tela na kwa pikapu pia. Ya nne ni kujaribu tela likiwa limepangwa vizuri, katika barabara iliyonyooka, kwa mwendo wa wastani. Likitulia, kiungo cha tufe kinatosha. Hatua ya tano, ikiwa njia zenu zina upepo mkali au miteremko mirefu kama ile ya Kitonga, ni kuongeza kiungo chenye msuguano, na kulifanyia tela breki zake lenyewe. Kwa fedha ile ile, breki za tela zina manufaa kuliko kiungo cha anasa.

Kwa tela lililopangwa vibaya, kiungo cha msuguano huupandisha mwendo wa hatari, lakini hakiuondoi. Dereva huzoea utulivu wa kuazima, akaongeza mwendo. Na tela likianza kuyumba hapo, huyumba kwa nguvu kubwa zaidi. Kiungo kizuri ni nyongeza ya mzigo uliopangwa vizuri. Hakiwezi kuwa badala yake.

Minyororo ya usalama isisahauliwe: miwili, ipishane chini ya mkono wa tela, ili kiungo kikiachia mkono uangukie juu yake na si juu ya lami.

8. Tela likianza kuyumba

Dereva aondoe mguu kwenye mafuta na aushike usukani ukiwa umenyooka. Asijaribu kulifuata tela kwa kugeuza usukani huku na huku, kwani atachelewa kila mara na kuliongezea nguvu. Asiongeze mafuta akidhani atalinyoosha. Na asikanyage breki kwa ghafla: tela lisilo na breki zake huendelea kuisukuma pikapu kwa nyuma, na kwa kuwa limekaa mshazari, huisukuma kando. Ikiwa tela lina breki za umeme zenye swichi ya mkono, hizo ndizo zitumike, kwa upole. Kabla ya mteremko mrefu gia ndogo iingizwe mapema. Na tela likishatulia, gari lisimamishwe na mzigo ukaguliwe kabla ya kuendelea.

9. Jibu letu kwa Katibu

Sisi hatukuwapo, wala hatuna mamlaka ya kumhukumu mtu. Kama dereva alikwenda mbio, hilo lichunguzwe kwa haki. Kukanyaga breki kwa ghafla lilikuwa kosa. Lakini je, chama kiliwahi kumfundisha afanye nini? Hesabu inaonyesha kwamba tela lilikuwa la hatari tangu lilipoondoka kituo cha kwanza, kabla dereva hajafikia mteremko. Mifuko ilipangwa ghalani na watu wengine, ikashushwa na watu wengine, kwa orodha iliyoandikwa na watu wengine. Si haki mzigo wa wote kumwangukia aliyekuwa ameshika usukani.

Tunashauri basi kamati irudie hesabu hii kwa mizani yake yenyewe, dereva na mtunza ghala wakiwapo, kabla ya kutoa uamuzi juu ya kazi yake. Mkono uliopinda ukarabatiwe na fundi anayejua kulehemu chuma cha kubeba uzito, na tufe lipimwe. Fedha za kiungo cha ng'ambo zisitoke kwanza. Mbao, kamba, orodha mpya ya safari na nusu siku ya mafunzo ndivyo vinavyohitajika sasa.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Tela la chama chenu lina uzito gani likiwa tupu, na huweka kilo ngapi juu ya kiungo? Nani ameupima uzito huo, na umeandikwa wapi?

2. Katika mfano wetu, mifuko 3 ikiwekwa mbele, 6 kati na 3 nyuma, uzito juu ya kiungo utakuwa kilo ngapi? Ni asilimia ngapi ya uzito wote? (Jibu: kilo 40; asilimia 4.)

3. Safari yenu ya kawaida ina vituo vingapi? Chukueni orodha ya safari ya mwisho na kukokotoa uzito juu ya kiungo baada ya kila kituo.

4. Katika chama chenu, ni nani mwenye wajibu wa kusema "tela hili lisiondoke"? Ikiwa hayupo, kikundi kimpendekezee mkutano mtu huyo, na wajibu wake uandikwe.